Makala ipangiwe bei kwa siku, si kwa maneno

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Kumlipa mwandishi wa kujitegemea kwa idadi ya maneno kunampunja yule anayehangaika zaidi.

Chukua makala mbili za maneno 1,000. Moja imetoka kwenye mkutano wa waandishi wa habari hotelini. Nusu siku imekwisha. Nyingine inahusu mgogoro wa mpaka wa shamba Kisarawe: nusu siku ya kusoma nyaraka na kupiga simu, siku nzima kijijini, nusu siku ya kuandika, nusu nyingine ya kuhakiki na kurekebisha. Hizo ni siku mbili na nusu. Kwa maneno, zote zinalipwa sawa.

Hesabu ianzie kwenye mwezi. Tuseme mwandishi anahitaji Sh900,000 za kuishi. Aongeze bando na vocha Sh60,000, akiba ya kutengeneza kompyuta na kamera Sh40,000, na Sh80,000 za NSSF na bima ya afya, maana hana mwajiri wa kumchangia. Jumla ni Sh1,080,000. Wengi hukosea hapa kwa kugawa kwa siku 22 za kazi. Siku zinazouzika hazifiki huko: nyingine huishia kutafuta wazo, kubembeleza wahariri na kufuatilia malipo. Agawe kwa 12, apate Sh90,000 kwa siku. Makala ya Kisarawe basi ni Sh225,000, na nauli, bodaboda na chakula Sh25,000: jumla Sh250,000.

Bado kuna kodi ya zuio ya asilimia 5, ambayo gazeti hukata kabla ya kukulipa. Ukiongeza asilimia 5 juu ya Sh250,000 utapungukiwa, kwa kuwa makato yanafanyika kwenye kiasi kizima cha ankara. Gawanya kwa 0.95, upate takribani Sh263,160. Kisha dai cheti cha zuio, yaani uthibitisho wa makato hayo, maana kiasi hicho kinahesabiwa kwenye kodi yako ya mwaka. Wengi hawakidai, na fedha yao inapotea.

Bei itajwe kabla ya kalamu kugusa karatasi, tena kwa maandishi. Hata ujumbe wa WhatsApp unatosha. Uonyeshe urefu, tarehe ya kukabidhi, kama picha zimo, marekebisho mangapi (mawili yanatosha), na kama gazeti dada au tovuti vinaruhusiwa kuitumia tena bila kulipa. La muhimu kuliko yote ni siku ya malipo: siku 30 tangu kukabidhi, si tangu kuchapishwa. Makala iliyoagizwa inaweza kulala kwa mhariri miezi mitatu, na ikipitwa na wakati mwandishi haambulii kitu. Kazi iliyoagizwa ikaachwa ilipwe angalau nusu.

Wahariri watasema bajeti ni finyu. Naelewa. Lakini bei isiyofikia hata nauli ya Kisarawe inajazwa na mwandaaji wa warsha, anayewapa waandishi mshiko na usafiri, na ndiye anayeamua kipi kiandikwe. Mwanakijiji wa Kisarawe hana bahasha ya kumpa mtu, kwa hiyo habari yake haiandikwi.

Naomba kila chumba cha habari kiweke wazi kiwango chake cha malipo kwa siku na fungu la nauli, ili mwandishi ajue kabla hajapanda basi.

Msomaji wako,
Ilala, Dar es Salaam