Kwa vijana mnaotaka kujenga kijiji kisicho na upungufu

Vijana wangu wa Tukuyu,

Ndaga. Mpango wenu nimeusoma mara mbili, mara ya kwanza kwa furaha, ya pili kwa wasiwasi. Shamba la pamoja la maparachichi, umeme wa maji, zahanati, viwanja vimechorwa vyote hadi mtoni. Kisha mwishoni mmeandika kwamba atakayeishi humo hatatamani kitu tena, milele. Neno hilo limeninyima usingizi.

Babu zetu nao walikuwa na vijiji vya vijana. Mtoto wa kiume wa Kinyakyusa akifika miaka kumi hivi, aliacha kulala kwa baba yake, akajenga kibanda pembeni pamoja na wenzake wa rika. Wakikua, walioa humo humo. Walichokitafuta kiliitwa ukwangala: kupiga soga, kula pamoja, kufurahia kuwa na wenzako. Mvua ipo, ndizi zipo, maziwa yapo, na rafiki wa utotoni yuko mlango wa pili. Kama kuna waliowahi kuikaribia ndoto yenu, ni hao.

Hata hivyo wivu uliwafuata humo. Aliyeongeza ng'ombe alitazamwa vibaya, uchawi ulitajwa, watu walihama. Njaa ya tumbo ilipotulia, ilibaki njaa ya kuonekana mbele ya wenzako. Gaweni miche iliyo sawa kabisa, bado mtu atachungulia wa jirani umezaa vipi.

Tena vijiji vile havikuwa vya milele. Kila kizazi kilikuwa na ubusoka wake, ambapo wazee waliwakabidhi wana wao nchi, wakasogea pembeni. Aliyejenga kibanda utotoni alijua zamu yake inakuja. Je, mtoto atakayezaliwa katika kijiji chenu kilichokwisha kukamilika atakabidhiwa nini? Kulinda tu? Naona uchungu nikimfikiria, atakuwa kama mgeni ndani ya furaha ya baba yake.

Nilikuwa kijana serikali ilipowahamishia watu katika vijiji vya ujamaa, 1973 hadi 1976. Azimio la Arusha la 1967, lililotangaza siasa hiyo ya ujamaa, nililipenda, na bado nalipenda. Kilichoumiza ni mchoro kukamilika kabla mwenye nyumba hajaulizwa.

Lakini msije mkanielewa vibaya. Nimewasikia walioshiba wakisema binadamu haridhiki hata apewe nini, kisha kwa maneno hayo hayo wanamwacha mama aendelee kubeba ndoo kilometa tatu. Wakatalieni! Kiu ya maji huisha bomba likifika, na inapaswa iishe, mwaka huu ikiwezekana. Zahanati ijengeni, wala msisubiri baraka zangu. Kiu ya kuhitajiwa, ya kupendwa, ya kuanzisha jambo kwa mikono yako, hiyo haina bomba, na mkijaribu kuizima mtakuwa mmezima kilichowafanya nyinyi wenyewe mkae usiku kucha mkichora ramani hii.

Kwa hiyo nawaomba mambo mawili. Neno milele lifuteni. Na kwenye ramani, upande wa migomba kule mtoni, acheni ekari chache wazi, bila mstari hata mmoja, kwa hawa wanaonyonya leo.

Mzee wenu,
Rungwe