Kufuli ya mia tatu na deni la elfu kumi na nane

Kazi yetu ni kuwakusanyia wenye nyumba wa Nairobi kodi. Mwezi jana mzee mmoja mwenye ploti Kayole alitupigia simu akifoka. Tunamkata asilimia 8 ya nini, ikiwa mpangaji wa namba 7 ana miezi miwili hajalipa na bado analala humo?

Tulimfungulia kitabu. Kodi ya bedsita hiyo ya chumba kimoja ni 8,500 kwa mwezi, mwisho wa kulipa ni tarehe 5. Tarehe 6 keateka, mwangalizi wa ploti, alimgongea mpangaji. Tarehe 9 akaandikiwa barua. Tarehe 12 akatia sahihi kwamba atalipa deni kidogo kidogo, kila Jumamosi, kwa paybill, namba ya kulipia kwa simu. Tarehe 16 mzee mwenyewe akakutana naye getini, akapokea 4,000 mkononi, bila risiti, bila kutuambia. Tulipopeleka notisi, mpangaji alitoa simu akatuonyesha meseji ya mzee: "Asante, hiyo ingine lete mwisho wa mwezi." Hapo utadai shilingi ngapi, na ya tarehe gani?

Hilo bado ni dogo. Linalotuumiza kichwa ni kufuli. Mama mmoja wa Zimmerman, kabla hajawa mteja wetu, alichoka kungoja, akanunua kufuli ya mia tatu na kufunga nyumba mpangaji akiwa kazini. Deni lilikuwa 18,000. Mpangaji alirudi na wakili, na orodha: televisheni, laptopu, 40,000 taslimu chini ya godoro. Kama hizo 40,000 zilikuwepo, Mungu ndiye ajuaye. Lakini nani angebisha, na hakuna aliyeandika vitu vilivyokuwa ndani? Mama alilipa, akamlipa na wakili wake mwenyewe, na zile 18,000 hakuziona tena. Kung'oa mlango, kuezua mabati, kukata maji na stima, yote ni ndugu wa kufuli hiyo.

Njia ya sheria ipo, ila inataka subira. Baraza la kodi za nyumba za kuishi husikiza kesi za kodi isiyozidi 2,500 kwa mwezi, na bedsita ya bei hiyo Nairobi utaitafuta sana. Zilizobaki huenda kortini. Duka la chini ya ploti, lisilo na mkataba wa maandishi, lina baraza lake, na notisi ya kumtoa mpangaji ni miezi miwili, kwenye fomu maalum, si karatasi uliyochana kwenye daftari la mtoto. Ukitaka vitu vinadiwe, ni dalali mwenye leseni, ambaye ataviandika vyote na kumpa mpangaji siku 14 za kuvikomboa. Vijana wa mtaa si madalali.

Nyingi hazifiki huko, mradi mtu agonge mlango tarehe 6, si tarehe 26. Keateka aliye macho huona mapema: mtungi wa gesi ukitoka Jumanne jioni na godoro la mtoto likifuata Alhamisi, huyo anahama usiku. Mwingine ana shida ya kweli. Kijana wa boda kule Umoja injini ilimfia, deni likafika 14,000. Tulikaa naye kwenye ngazi, tukapiga hesabu kwenye gamba la pakiti ya unga: elfu moja kila Jumamosi, na kodi ya mwezi palepale. Alikosa Jumamosi mbili, akamaliza. Angetolewa, nyumba ingekaa tupu, ipakwe rangi, na dipoziti yake isingetosha hata nusu.

Kuhusu ile asilimia 8: tunaikata kwenye kodi iliyokusanywa. Mpangaji asipolipa, nasi hatuli. Kugonga, barua na notisi zimo humo. Dalali na wakili ni juu yako, na tunakuambia kabla. Wako wanaotoza 5. Waulize nani hugonga tarehe 6.

Mzee wa Kayole tulimwandikia risiti ya zile 4,000, tukaanza hesabu upya na 13,000. Jumamosi iliyopita namba 7 ametuma 1,500 kwa paybill. Mzee akapiga simu tena, safari hii kuuliza kama imeingia.