Nyoka wenu wa vichwa viwili

Mhariri,

Nimelisoma gazeti hili tangu enzi za marehemu baba na sijawahi kuwaandikia. Lakini ile habari yenu ya "nyoka wa vichwa viwili" kuvamia mashamba ya Taita siwezi kuinyamazia.

Yule si nyoka. Ni sesilia, jamaa ya chura asiye na miguu, na huyo mliyempiga picha hapatikani popote duniani ila kwenye Milima ya Taita. Hana magamba ya nyoka. Ngozi yake ina unyevu na pingili kama nyungunyungu. Kichwa ni kimoja tu, upande wa pili ni mkia butu. Hula mchwa na nyungunyungu, wala hana habari na kuku wa mtu.

Basi kesho yake kijana anayenifanyia kibarua akaja na gazeti lenu mfukoni. Alipofukua chini ya mgomba, kwenye udongo mweusi wa samadi, akamkuta mama amejikunja, watoto wembamba wamemzunguka. Akamkata kwa jembe vipande viwili, kisha akamwagia shimo zima dawa ya kupe, ile ninayoinunulia ng'ombe kwa jasho langu! Mhariri, unajua yule mama alikuwa kwenye shughuli gani? Alikuwa akilisha. Ngozi yake hunenepa kwa mafuta, watoto wakaibambua kwa vijino maalum, ikaota tena, nao wakarudi mezani. Wanasayansi walichapisha hayo mwaka 2006, kuhusu sesilia huyu huyu wa Taita, na wageni wakatoka mbali kuja kumwona. Nyinyi wa hapa nyumbani mmegundua vichwa viwili. Nilipomfokea kijana, alinifunulia ukurasa wa saba.

Na kama mnatafuta wavamizi, si mwandike kuhusu mikaratusi? Kilima cha Sagalla kina sesilia wake, aliyepewa jina la kisayansi mwaka 2005, na miti hiyo inamkaushia udongo. Hapa kwetu kila baraza tunaahidiwa itang'olewa kando ya vijito. Baraza likiisha, watu wanarudi nyumbani na miche mipya ya mikaratusi.

Naomba masahihisho ukurasa ule ule wa saba, herufi kubwa zile zile, na picha yenye mshale mwekundu kuonyesha kichwa. Mshale mmoja. Bei ya dawa ya kupe nitawatumia, risiti ninayo.

Mkulima,
Wundanyi