Barua ya wazi kwa Waziri wa Kawi: hata mwenye sola anautumia waya

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Kawi na Petroli,
Kawi House, South C,
Nairobi.

KUH: SOLA ZA JUU YA PAA NA GHARAMA YA LAINI

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka Mombasa. Mimi ni mtu wa laini. Maisha yangu ya kazi yamekuwa nguzo, transfoma na simu za watu wanaolalamika kwamba taa zinafifia. Sasa nimestaafu, kwa hiyo naweza kuyasema wazi mambo ambayo walio kazini huyanong'ona wakati wa chai. Sikuandikii kupinga sola za juu ya paa. Nakuandikia kwa sababu utaratibu wetu wa kuzilipa na kuzilipisha unambana mtu asiye na kosa.

Sheria ya Kawi ya 2019 ilimruhusu mteja mwenye mtambo usiozidi megawati 1 kurudisha stima ya ziada kwenye laini. Kanuni za 2024 zikaongeza kwamba akirudisha uniti moja ahesabiwe nusu, na hiyo nusu impunguzie bili, asipewe pesa mkononi. Wenye mapaa walilalamika: mbona nusu? Kwetu sisi wa usambazaji jibu lilikuwa jepesi: nusu iliyobaki ndiyo ada ya waya. Jibu hilo lina ukweli wake, ila ada yenyewe inatozwa mtu ambaye hakustahili kuwa wa kwanza kutozwa.

Chukua shule ya kutwa yenye paneli. Jumamosi, Jumapili na likizo nzima haina matumizi ya maana, basi stima yake inamiminika kwenye laini na kuwafaa majirani mtaa huo huo. Shule hiyo inakatwa nusu. Sasa chukua jumba la Nyali lenye paneli, betri na viyoyozi vitano. Halirudishi hata uniti moja. Wiki za jua halinunui tokeni. Masika yakiingia, mawingu yakitanda siku tatu mfululizo, linarudi kwetu na viyoyozi vyote vitano na kukuta transfoma ipo, waya upo na kikosi cha dharura kipo. Miezi yote ambayo halikununua kitu, jumba hilo lililipa kiasi gani ili vitu hivyo viwekwe tayari? Hakuna. Anayetugawia stima ndiye anayelipia waya, na anayetufanya jenereta ya akiba hatozwi.

Tulifikaje hapa? Zamani bili ya nyumbani ilikuwa na ada ya kudumu ya shilingi 150 kwa mwezi. Iliondolewa 2018, na sikusikitika, maana ilimkamua mjane mwenye balbu mbili. Lakini gharama ya nguzo haikuondoka nayo. Ilihamia ndani ya bei ya uniti. Tangu hapo, kila uniti ambayo tajiri ameacha kuinunua inaondoka na kipande chake cha gharama ya nguzo, na kipande hicho hakipotei hewani. Kinasubiri mapitio ya bei yajayo ya EPRA, mamlaka inayosimamia kawi na bei zake, kisha kinawaangukia waliobaki: mpangaji wa Changamwe na Kisauni, mtu ambaye hata akipewa paneli bure hana paa la kuziwekea. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, Mheshimiwa. Mwenye paa haujui uzito huu kwa sababu haumgusi.

Kuna na asilimia 5 inayokatwa kwenye mauzo ya uniti kwa ajili ya kupeleka stima mashambani. Nayo inapungua kila uniti inapokosa kuuzwa. Sijasikia mtu akilitaja hili kwenye vikao vya maoni ya umma, ilhali vijiji vinavyongoja nguzo vinategemea pesa hizo.

Utaniambia sola ni ndogo, tusubiri. Mwaka 2014 Chuo Kikuu cha Strathmore kilipoweka kilowati 600 juu ya mapaa yake, watu walikwenda kuzitazama kama maonyesho. Kufikia mwisho wa 2024, mitambo ambayo wenye viwanda na biashara wamejiwekea kwa matumizi yao, na sola ndiyo sehemu kubwa, ilikuwa imepita megawati 500 katika hesabu za EPRA. Kilele cha matumizi ya nchi nzima mapema 2025 kilikuwa megawati 2,300 na kidogo. Hicho si kitu cha kusubiri tena.

Pakistan walisubiri. Mwaka 2024 peke yake waliingiza paneli za takriban gigawati 17, yaani megawati 17,000. Wenye nacho wakaikimbia laini mchana, mikataba ya mitambo mikubwa ikabaki pale pale na malipo yake, na bei ikawazidi waliobaki. Machi 2025 kamati ya uchumi ya serikali ikaidhinisha kushusha bei ya kununua stima ya mapaani kwa wateja wapya kutoka rupia 27 hadi 10 kwa uniti. Aliyekuwa akijipanga kununua paneli kwa hesabu ya 27 akajiona ametapeliwa, na wengi wakaanza kuulizia bei ya betri ili wasituhitaji kabisa. Nasema “wasituhitaji” kwa sababu nawaona wale wasambazaji wa Lahore kama wenzangu.

Sola ina upande mtamu, na wenzangu wa usambazaji hawapendi kuukiri. Kati ya kila uniti 100 ambazo Kenya Power hununua, zaidi ya 20 hazifiki kwenye bili, nyingine zikiyeyuka njiani kama joto la waya na nyingine zikiibwa. Stima inayozaliwa juu ya paa na kutumika nyumba ya tatu haisafiri kutoka mitambo ya mvuke ya Olkaria. Hiyo ni faida halisi. Ila inakuja mchana, na kilele chetu ni saa moja unusu jioni hadi saa tatu usiku, jua limeshazama na kila jiko, televisheni na pasi imewashwa. Ndiyo maana paneli bila betri hazijawahi kunipunguzia transfoma hata moja.

Kisha kuna mambo ya ufundi yasiyoonekana kutoka ofisini. Transfoma nyingi za mitaani hupangwa volti kwa mkono, zikiwa zimezimwa. Tulizipandisha ili nyumba ya mwisho wa laini ipate mwanga usiku. Jumapili adhuhuri, maduka yamefungwa, paneli za huko mwisho zinasukuma stima kurudi juu, volti zinapanda kupita kiasi, inveta (kifaa kinachoigeuza stima ya paneli au betri iwe ya kutumika nyumbani) inajizima, na mwenyewe anatupigia simu kwa hasira kwamba tumemharibia sola.

Hilo halimuui mtu. Hili linaweza. Siku moja, katika mji mmoja wa pwani, tuliitwa kwa waya uliokatika karibu na nguzo ya mwisho. Laini tukaizima. Kijana akapanda, akaugusisha waya ule wa mwisho kifaa cha kupimia, kikawaka: stima bado imo. Tukasikiliza jenereta: kimya mtaa mzima. Kumbe nyumba moja ilikuwa na inveta ya betri iliyofungwa bila suichi ya kubadilishia, ile inayoitenga nyumba na laini, na upande ule zilikuwapo nyumba tatu tu, kwa hiyo inveta ilimudu kuzibeba. Majirani wawili walikuwa wanatazama mpira kwa stima ya mwenzao bila habari. Yule kijana angeruka hatua moja ya kupima, tungemshusha kwa kamba. EPRA hutoa leseni kwa mafundi wa sola, kuanzia daraja la T1 hadi T3, lakini inveta yenyewe inauzwa dukani kama redio.

Ninachoomba kwako ni hiki. Toza waya kama waya. Viwanda vikubwa tayari hulipia ukubwa wa mzigo wao kwa kVA, kipimo cha mzigo wa juu kabisa wanaouvuta kwa wakati mmoja. Mteja wa nyumbani au wa biashara ndogo mwenye sola kubwa naye alipie kila mwezi ukubwa wa laini anayotaka imngoje, auze asiuze, anunue asinunue. Anayetumia uniti 30 kushuka chini asiguswe. Ukishafanya hivyo, sababu ya kukata nusu inakwisha: shule ihesabiwe karibu uniti kwa uniti mchana, na anayerudisha kutoka kwenye betri saa mbili usiku apewe zaidi, maana hapo ndipo tunapomhitaji.

Inveta nazo ziandikishwe kwa namba ya mita, na zipangwe vizuri kabla hazijawa nyingi. Ujerumani walichelewa: zao zilipangwa zizime zote kwa mpigo masafa ya stima, ambayo kawaida ni hezi 50, yakifika hezi 50.2, wakalazimika kurudi juu ya mapaa kurekebisha mitambo kwa malaki. Sisi tuliokaa gizani nchi nzima Agosti 2023 tunajua mpigo kama huo ungetufikisha wapi.

Na gharama ya mita ya kwenda na kurudi asibebeshwe mwombaji mdogo peke yake, wala ombi lake lisilale kwenye faili. Akichoka kungoja atamwita fundi wa mtaani, na kijana mwingine atapanda nguzo.

Wako mtiifu,
Fundi mstaafu wa laini,
Mombasa.