Kisu butu hakitupwi, mhariri

Ndugu mhariri, shikamoo kama umenizidi umri, kama hujanizidi basi habari za kazi. Naandika kuhusu yale maelezo ya jikoni mliyotoa juzi, kwamba kisu kikiwa butu geuza kikombe cha udongo ukisugue kwenye ule mduara wa kitakoni, afu kikichoka kabisa nunua kingine. La kikombe ni kweli, mamangu alikua anafanya hivyohivyo. Ila hili la kununua kingine nakataa.

Mimi nauza chipsi, na kachumbari nakata mwenyewe, sasa nyanya iliyoiva ukiikata na kisu butu huikati bali unaiponda, maji yote yanabaki kwenye ubao. Miaka yote nilikua nawapa vijana wanaopita na baiskeli yenye jiwe, anapandisha baiskeli kwenye stendi, anakanyaga pedeli, cheche zinaruka, unalipa unaondoka umefurahi. Siwalaumu, wengine wana mkono mzuri sana na wanachovya kisu kwenye maji kila mara. Ila kuna mmoja alikibana kisu changu kwenye jiwe kavu mpaka ncha ikaingia rangi ya bluu kama mafuta ya taa juu ya dimbwi. Ile bluu ni moto umeshalainisha chuma, hapo hata kikinolewa vipi makali hayakai, na mpaka leo ncha ile inaisha kabla ya kisu kizima.

Basi shemeji yangu anayeishi Marekani akaniletea kile kifaa cha kunolea visu cha Lansky. Ni kibanio kinachoshika kisu upande wa mgongo, kina matundu ya kuchagua ulalo wa jiwe, nyuzi 17, 20, 25 na 30, na kila kinoo kina kifimbo chembamba cha chuma unachokipitisha kwenye tundu, kwa hiyo mkono hata ukitetemeka ulalo wa jiwe ni uleule. Vinoo vitatu, namba ikizidi jiwe ni laini zaidi: 120 cha kukwangua, 280, na 600 cha kumalizia. Maelezo yote Kiingereza na maandishi ya sisimizi.

Nikajua nimemaliza kazi, kumbe bado. Nikachagua tundu la 20, nikahesabu misuguo ishirini huku ishirini kule, nikabadilisha jiwe, tena ishirini ishirini, mwisho kisu kinang'aa kama kioo na nyanya hakikati! Wiki nzima hivyo, mke wangu akaanza kuniuliza kama hiki kidude kimekuja kunoa au kukipiga kisu polishi.

Kosa lilikua kuhesabu. Ukisugua upande mmoja vya kutosha, upande wa pili unaota kijinywele cha chuma, mi nakiita ndevu. Hauzioni, unazisikia ukipitisha kidole gumba kutoka mgongoni kuelekea kwenye makali na kutokea nje (usipitishe kidole kwa urefu wa makali jamani, mi nina alama). Ndevu zikiwepo kuanzia kisiginoni mpaka nchani ndo unageuza kibanio, kama sehemu moja hazipo ujue jiwe halijafika ukingoni na hata ukikesha na 600 unang'arisha mashavu ya kisu tu, makali hujayagusa. Kisu changu cha kwanza kilitaka misuguo zaidi ya mia na lile jiwe la 120 kabla ndevu hazijatoka. Nikapaka pia maka peni nyeusi kwenye makali, nikasugua mara mbili tatu, nikaona wino umetoka juu na ukingoni umebaki, yaani jiwe lilikua linalala mno. Ile ndo shule yangu yote. Kwenye 600 usikandamize, uzito wa jiwe unatosha, na mwisho nakiburuza kwenye mkanda wa zamani wa ngozi, mgongo ukitangulia, ndevu zilizobaki zinatoka.

Kisu kirefu kinasumbua, kadiri unavyokwenda mbali na kibanio ulalo unazidi kupungua, kwa hiyo nakibana mara mbili, nusu ya nyuma kwanza afu nusu ya mbele. Na chembamba kinateleza, navingirisha selotepu mgongoni.

Kupima makali natumia gazeti lenu mhariri, msinichukie, nalishika juu kwa mkono mmoja nakishusha kisu bila kusukuma. Likichanika kwa kukwama najua palipokwama pana ndevu. Kurasa za michezo zinafaa sana, nikishasoma lakini.

Ombi langu mchore picha ya hizo ndevu kwenye ukurasa wa jikoni, maana hata wa kinoo cha mkono zinamhusu vilevile. Na msomaji anayejua panga anisaidie, haliingii kwenye kibanio, nalinoa kwa tupa na kila nikifika katikati mkono unapanda wenyewe. Wenzangu mnaushikaje?

Msomaji wenu, Mbagala, Dar es Salaam