Kabla ya kumlaumu fundi

Mhariri,

Ajali ikitokea kazini, jibu huwa tayari: "Hakufuata kanuni za usalama." Mara nyingi ni kweli hakuzifuata. Kwa nini hakuzifuata, hilo haliulizwi.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma. Kinga inayofunika diski ya grainda, mashine ya mkono ya kukatia chuma, nimeifungua mara nyingi, na sikuwa mlevi wala mjinga. Ikiwepo, diski haifiki kwenye pembe ya fremu. Grainda ndogo ambayo ingepenya tuliiandika mara tatu kwenye daftari la maombi, haikuja. Miwani nayo iliingia ukungu mara tu jasho lilipoanza kutoka, hata mstari wa kukatia huuoni. Nikaivua. Msimamizi alipita, akaniona, akauliza neno moja tu: "Fremu zinaisha saa ngapi?"

Kanuni tuliyoifuata ilikuwa swali lile. Iliyobandikwa ukutani ilingoja wageni. Siku diski ilipopasuka na kipande kikamchana mwenzangu shavuni, chini kidogo ya jicho, ndipo msimamizi yuleyule alipoikumbuka. Mwenzangu alipokea barua ya onyo nyuzi zikiwa bado usoni.

Tena njia ya mkato haikuumizi siku ya kwanza. Leo umepanda juu bila mkanda, umeshuka salama, kesho vilevile. Mwaka ukiisha, anayefunga mkanda ndiye anayeitwa mwoga, na kijana mgeni huiga mikono ya wakongwe, si maneno ya semina ya asubuhi moja. Akiwa analipwa kwa idadi ya vipande, kila dakika ya kujifunga anaikata kwenye ujira wake mwenyewe.

Shirika la Kazi Duniani (ILO) linakadiria kuwa karibu watu milioni 3 hufa kila mwaka kwa ajali na magonjwa yatokanayo na kazi. Mkataba wake namba 155 wa mwaka 1981 unataka alindwe mfanyakazi anayeiacha kazi akiwa na sababu za msingi za kuamini kuwa uhai au afya yake imo katika hatari kubwa inayomkabili. Haki hiyo sikuwahi kuisikia ikitajwa kwenye semina hata moja niliyohudhuria, nami naumia kila nikikumbuka lile shavu.

Nawaomba wakaguzi wanaochunguza ajali: kabla hamjamhoji majeruhi, itisheni daftari la maombi ya vifaa mlisome.

Fundi wa kuchomelea