Kilomita kumi tu, laki na themanini? Bei ya brekidauni inavyopatikana

Sisi tuna lori la brekidauni, la kubeba magari yaliyoharibika, hapa Mbeya. Wiki iliyopita jamaa mmoja alitundika risiti yetu kwenye grupu la WhatsApp la mtaa wao, chini yake akaandika: "Uyole hadi Mwanjelwa, kilomita hazifiki kumi, 180,000. Jamaa wamenipiga." Kufika jioni risiti hiyo ilikuwa imenirudia kwenye simu yangu kupitia watu watano, mmoja wao shemeji yangu, ambaye aliongezea na vikaragosi vya kucheka. Lalamiko lenyewe si jipya. Linabadilika jina la mtaa tu, leo Uyole, kesho Iyunga, keshokutwa Mbalizi. Basi naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamtumia hapa.

Kosa linaanzia kwenye hesabu. Mteja anahesabu safari ya gari lake, sisi tunahesabu safari ya gari letu. Wewe umekwama Uyole, sisi tuko Sae. Tunakuja, tunakupakia, tunakupeleka Mwanjelwa, halafu tunarudi Sae, na kote huko dizeli inaungua. Kwa mjini tofauti si kubwa, ndiyo maana gari dogo tuna bei moja ya mchana, 90,000, uwe Isyesye au Iyunga. Ndani yake kuna kuja, kupakia, kufunga, kukufikisha gereji unayoitaka na kushusha. Usiku kuanzia saa tatu tunaongeza 40,000, na ukungu wa huku mnaujua.

Nje ya jiji ndiko watu wanakoguna. Chunya ni kama kilomita 70. Kwetu sisi ni 140, maana tunakwenda tupu ndipo turudi na wewe, na kila kilomita ni 2,500. Piga hesabu, ni 350,000. Mtu anasema, "Mbona basi ni nauli kidogo tu?" Basi limejaza abiria, mzee wangu. Lori letu limebeba mimi na utingo, na mlima wa Chunya unaanza kuupanda hata mji hujauacha. Lori halipandi mlima kwa maji. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA wakitangaza bei za mafuta, mimi naangalia mstari wa Mbeya kabla sijanywa chai, na mstari huo siku zote uko juu ya ule wa Dar es Salaam.

Hiyo ni sehemu rahisi. Kinachopandisha bei zaidi ya kilomita ni hali ya gari, na hali ya gari ndiyo watu wanayotuficha kwenye simu.

Jamaa wa Uyole alisema hivi, nanukuu: "Gari imezima tu barabarani." Nikamwambia 90,000. Vijana walipofika walilikuta gari pembeni ya barabara ya kwenda Tukuyu, pua iko ndani ya mtaro, tairi la mbele kushoto limelala ubavu kama kiatu kilichovuliwa. Boljointi, kile kiungo kinacholishika tairi, ilikuwa imekatika. Sasa gari la namna hiyo huliburuti tu ukalipandisha. Unalivuta kwa winchi polepole kutoka nyuma, mtu mmoja anaangalia kingo za mtaro zisikwangue sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, mwingine anaelekeza kamba. Ukishalitoa, tairi lililovunjika halizunguki, linakwaruza. Inabidi uliinue kwa jeki, uliingizie kigari kidogo cha magurudumu chini yake, ndipo lipande kitandani, yaani juu ya bodi ya lori letu, bila kung'oa fenda. Kazi hiyo iliwachukua saa moja na dakika 40. Kutoa mtaroni ni 60,000, hiyo kazi ya tairi 30,000. Jumlisha na 90,000 unapata ile ile ya kwenye grupu.

Angesema ukweli tangu mwanzo angelipa kiasi hicho hicho, lakini angekijua akiwa amekaa, si akiwa amesimama na vijana wenye matope mikononi. Hapo ndipo mtu anajisikia amepigwa, na mimi simlaumu sana.

Kwa hiyo ukipiga simu utaulizwa maswali mengi, na usione kama tunakupeleleza. Gari ni oto au manyuo? Linazunguka matairi yote manne? Usukani unageuka? Ufunguo upo? Kuna siku tulifika Soweto ya hapa mjini, gari ni oto, betri imekufa kabisa, gia imeng'ang'ania kwenye P haitoki. Magari mengi ya Kijapani yana kitundu kidogo karibu na gia, kimefunikwa. Unakibonyeza kwa bisibisi gia inaachia. Dakika mbili. Lakini mwenye gari alikuwa tayari ameita vijana wakalisukuma kwa nguvu matairi yamefunga, wakalikwaruza dhidi ya ukuta wa jirani. Rangi ile ilimgharimu kuliko sisi.

Na kama ni Subaru au gari lolote linaloendesha matairi yote manne kwa wakati wote, tuambie mapema kwa sababu ni lazima lipande kitandani zima. Ukiliinua mbele tu, ya nyuma yakabaki yanazunguka lami, unaua mfumo wa kugawa nguvu. Wapo wanaolivuta hivyo hivyo, bei chini. Sisi hatulivuti.

Sasa nije kwenye kamba.

Kila mtu ana rafiki mwenye Canter, na kila rafiki mwenye Canter ana kamba ya manila chini ya siti. Dada mmoja, mwalimu, IST yake ilizima Igurusi. Alitupigia, akasikia bei, akasema atatupigia tena. Hakupiga. Canter ilimvuta kwa kamba kutoka Igurusi hadi Uyole, gia iko N, injini imezima, matairi ya mbele yanazunguka njia nzima. Tatizo la kwanza la gari lile lilikuwa pampu ya mafuta, kitu ambacho fundi anabadilisha mchana mmoja. Lakini giaboksi ya oto inalainishwa na pampu inayozungushwa na injini. Injini ikizima, oili haitembei, na matairi yanaendelea kuzungusha vyuma vikavu ndani. Umbali mfupi kwa mwendo wa polepole unaweza kupona. Igurusi hadi Uyole huponi. Alinunua giaboksi ya mtumba, na fundi juu yake, jumla ikapita laki saba. Alikuja kunisimulia mwenyewe, akacheka, akaniambia "ndaga fijo", asante sana kwa Kinyakyusa, kwa kumsikiliza, mimi nikakosa la kujibu.

Hapo sijataja breki. Injini ikiwa imezima, busta, inayoifanya breki iwe nyepesi kukanyaga, inabaki na mvuto wa hewa wa kukanyaga mara mbili au tatu, baada ya hapo pedeli inakuwa ngumu kama jiwe. Usukani nao unakuwa mzito, na ukichomoa ufunguo unajifunga kabisa. Mfikirie mtu wa hivyo akishuka mteremko wa Iwambi, mbele yake kuna Canter, katikati kamba ya mita tatu. Tumeshachukua magari mawili kwa mkupuo pale, aliyevuta na aliyevutwa, mmoja amevunjika taa za nyuma, mwenzake rejeta. Walikuwa ndugu wa tumbo moja na hawakuwa wanaongea.

Na wanaofunga kamba wanafunga popote. Wengine kwenye bampa. Wengine kwenye tairodi, chuma cha usukani kinachogeuza matairi, kwa sababu ndicho chuma wanachokiona wakichungulia chini. Gari linatoka mtaroni, ndiyo, na tairodi imepinda, halafu wiki nzima unashangaa kwa nini gari linavuta kushoto. Gari lako lina ndoano yake ya kuvutia. Kama huioni, angalia kwenye buti, karibu na jeki, mara nyingi iko pale inasubiri kufungwa kwenye tundu lake la mbele.

Sisi kabla ya kugusa tunapiga picha pande zote nne, za kwako na za kwetu. Mikanda tunafunga kwenye matairi, hatufungi kwenye vyuma vya chini, na tukishatembea kilomita chache tunasimama kukaza tena, maana mkanda unalegea gari likishajikalia. Mteja mmoja aliyepanda na sisi aliuliza, "Mbona mnasimama, mnapoteza muda?" Nilimpa mkanda mmoja aushike. Ulikuwa umelegea vidole viwili. Hakuuliza tena hadi Tukuyu.

Malori ni habari nyingine, ila siwezi kuacha ile Fuso ya viazi. Ilikuwa masika, imetoka Isyonje, imejaa lumbesa hadi juu, matairi ya kushoto yamezama kwenye ukingo wa barabara. Nilimwambia mwenye mzigo tufaulishe kwanza nusu ya viazi ndipo tuvute. Aliona namtengenezea bili: gari la kufaulishia, vibarua, muda, na mvua inanyesha. Nikakataa kuvuta ikiwa na mzigo. Akaita lori lililokuwa linapita, wakafunga mnyororo, wakavuta kwa kushtua. Fuso ilitoka nusu, ikarudi, ikalala ubavu. Alinipigia saa kumi na moja jioni. Viazi vilivyobaki vizima vilifaulishwa vile vile, na kunyanyua lori lililolala si bei ya kuvuta lori lililosimama. Ni zaidi ya mara tatu.

Kuna jambo la cha juu, nalo niliseme. Gari likiharibika sehemu yenye watu, haziishi dakika kumi atatokea kijana mwenye "namba ya brekidauni". Anatupigia sisi, tunamwambia 90,000, anakwambia wewe 130,000. Unalipa, unamlaani mwenye lori. Tuombe tuongee na wewe mwenyewe, na uombe risiti ya mashine yenye kiasi ulichotoa mfukoni. Kijana akianza kuzungukazunguka hapo, umeshajua.

Ajali yenye polisi ni subira. Hatugusi gari mpaka trafiki wamalize kupima, hata kama limeziba njia na madereva wa Tunduma wanapiga honi. Saa ya kwanza ya kusubiri hatulipishi, baada ya hapo 15,000 kwa saa. Kama una bima kubwa, piga kwanza kwa bima yako. Nyingi zinalipia kuvutwa hadi kiasi fulani, lakini wanataka kuarifiwa na wanataka risiti. Bima ndogo haikuhusu hapo.

Na mwisho kuna nauli ya kuja, ambayo imeniletea ugomvi kuliko mitaro yote. Juni, asubuhi ya baridi kali, baba mmoja wa Forest alituita, gari haliwaki. Tulifika na lori. Betri ilikuwa nzima, plagi nzima. Nikatikisa gari kidogo nikasikiliza: tenki kavu. Geji yake ilikuwa imekwama kwenye nusu. Utingo akaenda kuleta lita tano, gari likawaka. Nikamtoza 40,000 ya kuja. Akanitazama, akasema, "Lakini hujavuta kitu." Kweli sikuvuta. Ningeweza kulipakia, nikalipeleka gereji na kuchukua 90,000 yangu, asingejua. Alilipa akinung'unika. Bei hiyo ya 40,000 ipo, na tunaitaja kwenye simu kabla lori halijawashwa.

Yule wa Uyole nimempigia. Nimemrudishia ile 30,000 ya tairi, kwa sababu kijana wetu alianza kazi ya jeki bila kumwambia bei, na hilo ni kosa letu. Ile 60,000 ya mtaro hatuirudishi.